Kisiki cha Kigwena

Jumatatu, 4 Machi
Nimechemsha chikichi tangu asubuhi. Mafuta machache. Kuni zinakwisha tena. Viberiti hakuna tangu vita vifunge barabara, kwa hiyo jikoni kwangu moto haulali.

Kwa jirani yangu Daforoza hakuna moshi. Mumewe alichukuliwa na wenye bunduki wiki iliyopita, na tangu hapo hakuna anayekanyaga kwake. Zamani angekuja na kigae chake kuomba makaa, kama sisi sote. Sasa haji.

Jumanne, 5 Machi
Nilimwambia mume wangu nataka kumpelekea moto.

"Achana na ule mwanamuke, Mama Zuhura. Watu iko wanamuangalia."

Si mtu mbaya. Anaogopa. Nami naogopa, sikwenda. Nimejichukia jioni nzima.

Alhamisi, 7 Machi
Nilikwenda ukingoni mwa msitu wa Kigwena kung'oa kisiki. Mti wenyewe ulikatwa kabla sijaolewa. Kisiki hakina tawi wala jani. Nikasema hizi ni kuni kavu, tena za bure.

Nikapiga shoka. Maji! Ndani kibichi kabisa. Pale ulipokatwa pamefunikwa na gome jipya, laini kama kovu. Nikachimba. Mzizi wake umeshikana na mzizi wa mti mkubwa ulio jirani yake, huoni mmoja unaishia wapi. Kumbe kinalishwa! Miaka yote hiyo hakina kivuli, hakizai, na mwenzake bado anakiletea maji. Subhanallah. Nilikaa chini kama mjinga, nikatazama.

Nikafukia mizizi vizuri. Mume wangu alicheka: nimekwenda kutafuta kuni, nimeleta hadithi.

Ijumaa, 8 Machi
Risasi upande wa kijiji cha Kizuka. Halafu wenye bunduki wakaja kwetu, wanauliza nani anamlisha mke wa yule mtu. Kila nyumba ilijibu hakuna. Nami nikajibu hakuna, na ilikuwa kweli. Hilo ndilo linaloniuma.

Kile kisiki hakinitoki kichwani. Na ule mti mkubwa. Haukumwomba mtu ruhusa.

Jumamosi, 9 Machi
Nilijaza makaa kwenye kigae nikapita mchana kweupe. Mwizi ndiye anayejificha.

Daforoza alikuwa na mtoto mgongoni, anatafuna kiazi kibichi. Alitazama makaa kwanza, halafu mimi.

"Murakoze, Mama Zuhura."

Asante hiyo tu, basi. Nilipokwenda ziwani kuteka maji, wanawake wawili walinigeuzia mgongo. Moshi wa Daforoza ulipanda mpaka saa ya magharibi. Mume wangu aliuona.

Jumatano, 20 Machi
Mvua kubwa. Paa la jiko limevuja na moto wetu umekufa. Nilisimama juu ya majivu, sijui nimwendee nani.

Mtu akakohoa mlangoni. Daforoza, na kigae chake kimejaa makaa, amekifunika kwa jani la mgomba.

Mume wangu alinitangulia. Akakipokea kwa mikono miwili.

Chikichi zinachemka.