Kadi Yangu, Namba ya Thuranira

Jumatatu, 8 Novemba 1999

Leo nimevaa koti la harusi. Kadi ya kiwanda chetu cha kahawa iko mfuko wa ndani, upande wa moyo. Mwenyekiti ameniambia niache kuitoatoa, eti Githongo nzima imeshaiona. Wivu.

Nkirote, mtoto wa dada yangu, amepanda kutoka Embu. Yeye ndiye fundi wa hizi kompyuta. Amenieleza tena polepole. Ndani ya kadi, pale penye kipande cha rangi ya dhahabu, kuna ufunguo. Haujawahi kutoka na hautatoka. Tukitaka kuingia kwa kompyuta kubwa iliyo ofisi ya kahawa, Embu, hiyo kubwa inatuma kitendawili kwa waya wa simu, kadi inakitegua, mlango unafunguka. Mwizi akisikiliza njiani hapati kitu, maana ufunguo wenyewe haukupita. Nilimwambia hayo niliyajua tangu darasa la sita.

"Anko, hilo darasa lenu lilikuwa la maajabu."

Lakini kadi haijibu chochote kabla ya kupewa namba ya siri ya tarakimu nne, na namba ni ya mwenzangu Thuranira. Nkirote alipinga — kadi na namba ni vya mtu mmoja, ndivyo ilivyoundwa. Kamati ikakataa. Kwetu stoo ya kahawa ina kufuli mbili na watu wawili, hakuna anayefungua peke yake. Mimi na Thuranira tumefungua hivyo tangu wakati kahawa ilikuwa kahawa.

Mwaka wa sabini na sita! Ilikuwa inanukia mpaka Isiolo, ngamia wanasimama barabarani. Ufunguo wangu ulikuwa mzito, nikikimbia suruali inabaki nyuma. Siku moja nyati alitoka msituni, akatazama magunia. Nikautikisa tu ule ufunguo. Akarudi mlimani. Thuranira alikuwepo, lakini ukimwuliza atakohoa. Maneno yake anayapima kama mbolea.

Jumatano, 10 Novemba

Thuranira ameanguka shambani. Kifua. Amepelekwa hospitali, Nkubu. Mke wake, Mama Gedion, anasema haongei. Nikamwambia huo si ugonjwa, ndivyo alivyo. Hakucheka.

Kilo za leo hazijaenda Embu. Tangu mashine ije, kahawa ikipimwa asubuhi, jioni kilo zimeshaandikwa kule na hakuna wa kuzigusa. Zamani magunia yalikuwa yanapungua barabarani kama yana miguu. Sasa Nkirote anasema ofisi ya Embu inafunga hesabu Jumanne. Kiwanda ambacho hakijaingia, mashine yake inapewa wengine. Na yeye ndiye aliyewaomba wajaribu na sisi wa Githongo. Wengine walisema wazee wa huku hawataiweza.

Ijumaa, 12 Novemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilisimama mbele ya kamati nikasema mimi na Thuranira ni kichwa kimoja, kofia mbili. Namba naijua bila kuambiwa. Nkirote akanionya: kadi inavumilia makosa mawili. La tatu inajifunga, na hata yeye hawezi kuifungua.

Nikabonyeza 1963, mwaka wa uhuru. Mzee gani hana hiyo? Ikakataa.

Nkirote akasema, "Anko, wachia hapo." Nikabonyeza 1976. Hiyo nilikuwa na uhakika nayo kama jina langu. Ikakataa.

Mwenyekiti akauliza, "Sasa hicho kichwa kimoja ni cha nani?"

Nkirote alichomoa kadi, akanirudishia bila kunitazama.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Nimejaribu kufikiria ni mwaka gani Thuranira anaupenda. Amezaliwa lini? Alimuoa Mama Gedion lini? Nilikula mbuzi siku hiyo, mwaka siujui. Kumbe miaka yote hiyo pale stoo nimeongea mimi. Alikuwa anasikiza, nami nikadhani tunazungumza.

Jumapili, 14 Novemba

Baada ya kanisa mimi na Nkirote tumeenda Nkubu. Thuranira amekuwa mdogo, blanketi limemshinda. Nikampa habari za kiwanda. Nikaona macho yanafumba, nikaleta ile ya nyati nimchangamshe. Nilipofika pale ninapotikisa ufunguo akafungua jicho moja.

"Alikuwa ng'ombe," akasema.

Mama Gedion amecheka mpaka akalia. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza tangu Jumatano.

Kisha Thuranira akanipungia kidole nilete sikio. Mama Gedion akasema, "Inama basi, anataka kukupatia namba."

Nikainuka. Nikasema naenda kutafuta chai.

Nkirote alinifuata nje. "Anko, umekataa?"

"Kufuli mbili mkononi mwa mtu mmoja si kufuli mbili."

"Anko, yule mzee anakufa."

Nikamwambia anayekufa ndiye hugawa funguo. Mimi sijapokea, basi Thuranira hajagawa. Tena mdomo wangu anaujua, angenipa namba mchana, jioni iko sokoni. Namba ni yake, aibonyeze mwenyewe. Kama hawezi kuja kwa mashine, mashine imfuate.

Alinitazama sana. Akauliza kama hapa hospitali kuna simu.

Jumanne, 16 Novemba

Niko Nkubu. Sista ametuazima waya wa simu ya ofisi, umepitishwa dirishani mpaka kitandani. Nkirote amekuja na kompyuta ndogo ya kubeba, ameiweka juu ya meza ya chakula. Kadi nimeichomeka mimi mwenyewe. Mwenyekiti alitaka kuichomeka, nikamwambia asubiri kifo changu.

Thuranira ameketishwa na mito miwili. Mama Gedion amemshika kiwiko. Kidole kinapita kando ya vitufe. Nafasi imebaki moja. Nilinyoosha mkono nimsaidie kulenga.

"Geuka," akaniambia.

Basi nimegeuka. Pale stoo ilikuwa hivyo: yeye akifungua yake mimi natazama barabara, nikifungua yangu anatazama yeye. Niko dirishani, natazama barabara ya Embu. Naandika juu ya ukingo wa dirisha ili shingo isinigeuke yenyewe.

Nimesikia kitufe. Kimoja.

Anapumua. Mama Gedion anamwambia polepole, baba Gedion, hakuna mtu anakufukuza.

Cha pili.

Barabarani kuna mtu anasukuma mkokoteni wa ndizi, angekuwa Thuranira hapa kando yangu ningekuwa nimeshamwambia uongo juu ya hizo ndizi.

Cha tatu.

Amepumzika. Pumzi yake naisikia mpaka hapa, inaenda, inakawia, inarudi.

Bado anapumzika, kimebaki kimoja. Hakuna aliyeniambia nigeuke. Sigeuki.