Waya Awuor na Ugonjwa wa Dani

Waya wangu, shangazi yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa Lambwe, kwenye kibaraza cha Dani, mama yako. Yuko ndani anakunja leso zake. Baba bado hataki kuamini kwamba dada yake ametangulia, kwa hiyo tangu tukuzike mimi ndiye ninayemtunza Dani, bibi yangu.

Nimekukosa, Waya. Unakumbuka uliporudi kutoka maabara ya Nairobi ukasema kazi yako ni kuchunguza minyoo? Kesho yake akina mama walijipanga mlangoni na watoto wao, wakitaka dawa ya minyoo! Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukawaeleza kwa upole kwamba minyoo yako ni midogo mno, haikai tumboni mwa mtu, na huzeeka upesi, ndiyo maana unaitumia kuusoma uzee. Hakuna aliyeondoka pale akijiona mjinga. Nimekutana na wasomi kadhaa, Waya, na wengi wao hawana subira hiyo.

Halafu Dani akaanza kuingia nyumba za watu alfajiri, leso moja mwilini, hasemi na mtu. Watu wakasema ni jajuok, mchawi anayekimbia usiku. Wakataka afukuzwe, nyumba yake ichomwe. Nilienda Homa Bay, nikakupigia simu posta nikilia, nawe ukaja.

Kile kikao sitakisahau. Ulisimama mbele ya wazee na yai la kuchemsha, ukalimenya, ukauliza, "Wazee wangu, nani atalirudisha liwe bichi?" Ukawaambia mwili umejaa nyuzi ndogo sana ziitwazo protini, na kila uzi sharti ujikunje sawasawa ndipo ufanye kazi. Mtu akizeeka, nyingine hujikunja vibaya, zikashikana, na ubongo ukaharibika. "Si kama yai hasa," ukasema, "lakini huu ni ugonjwa, si uchawi. Na dawa yake sijaipata." Ungeweza kuwadanganya, Waya, wakakuabudu. Nilijivunia kuwa mtoto wa ndugu yako.

Ulipofariki niliogopa. Nani angemtetea Dani tena? Juzi akapotea. Nilizunguka mashamba nikimwita. Kumbe Okelo, jirani yetu yule yule aliyekuja na kiberiti mkononi kuichoma nyumba ya Dani, ndiye aliyemwona, akamleta nyumbani polepole, amemshika mkono. Vijana barabarani walipoanza kunong'ona mambo ya jajuok, akawageukia.

"Nyamazeni! Huyu mama ni mgonjwa, ubongo yake ndiyo imechoka. Awuor alituambia, na Awuor hakuwa mtu wa uongo."

Nililia mbele ya watu, sikuona haya. Sijui nani ataendeleza kazi yako kule maabara. Naomba awe na moyo kama wako.

Dani hajui kwamba umekufa. Nilimwambia, akaomboleza, kesho yake akaniuliza uko wapi, nikamwambia, akaomboleza upya kana kwamba ndiyo kwanza asikie. Nimeacha kumwambia. Usinihukumu.

Pumzika, Waya. Nikiwa hai, mama yako hatafukuzwa kwake na mtu yeyote. Leo asubuhi ameniita Awuor, akauliza kama nimekula.

Nimeitika. Nimemwambia, "Bado, Mama."