Kufuli kwenye boneti

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la pili la kijinga, maana la kwanza nimeshalifanya mbele ya watu.

Mimi ni fundi cherehani, na nina gari kuukuu tuliloachiwa na baba mkwe, limenizidi umri kwa miaka kumi, na huku kwetu bondeni halijawahi kushindwa mbio za mita mia nne, basi mwezi uliopita tukaalikwa kushindana kule mlimani, nami kwa kuogopa kuhujumiwa nikatia kufuli kwenye boneti, ufunguo nikauvaa shingoni ndani ya shati, gari tukalipakia kwenye lori, na tulipofika juu shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ndiye fundi wa gari hilo tangu enzi za baba yao, akaniambia, "Shemeji, nifungulie dakika kumi tu nibadilishe jeti za kabureta, hivi vitundu vya kupitishia petroli, huku hewa ni nyepesi," nikacheka, nikamwambia hewa ni hewa, nikapanda ngazi za jukwaa kwenda kujiandikisha, ngazi kumi na mbili tu, nikafika nahema hata jina langu likanishinda kulitaja, nikarudi garini, taa ya kijani ikawaka, nikakanyaga mafuta, gari likakohoa moshi mweusi, na daktari mmoja wa meno, mwenyeji wa huko, mwenye gari la rika moja na langu, akanipita, na nilipofika mwisho nikamkuta ameshashuka anafuta kioo.

Nikapiga kelele kwamba kikulacho ki nguoni mwako, shemeji ameniuza. Alikunja kitambaa chake cha kufutia mikono, akarudi kwa basi, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwetu, yeye aliyekuwa akila nasi kila Jumapili. Mke wangu haninunii, na afadhali angeninunia, maana sasa ananiambia, "Karibu chakula, usione haya." Kaka yake ni huyo mmoja tu. Marudiano ni wiki mbili zijazo, hukohuko juu. Nimkamateje mhujumu bila kuvunja nyumba yangu?

Aliyehujumiwa

*

Aliyehujumiwa, pole kwa moshi. Pole nyingine sina.

Mhujumu nimeshamkamata. Kikulacho ki nguoni mwako kweli, maana ufunguo ulikuwa ndani ya shati lako. Au shemeji aliingia kupitia bomba la moshi?

Ngazi kumi na mbili zilikukata pumzi, ukadhani gari halipumui? Kule juu hewa ni haba, na kabureta ya zamani haijui hilo, inamimina petroli ileile ya bondeni. Hewa haitoshi kuichoma, ndiyo moshi mweusi, ndiyo nguvu kukuishia. Jeti ndogo zingepunguza petroli iendane na hewa. Nilimsomea barua yako fundi wa gari langu, akacheka mpaka akaweka spana chini. Daktari wa meno hajakuroga, gari lake limerekebishwa kwa hewa ya kwao.

Na wewe ni fundi cherehani! Mteja akikuletea suruali ndani ya sanduku lenye kufuli, akaondoka na ufunguo, kiuno utakipunguza kwa macho?

Sasa sikiliza. Usimtume mkeo, wala usiandike ujumbe wa simu. Ulimtukana mbele ya watu, basi wachukue walewale uende nao gereji kwake asubuhi, uvue huo ufunguo umkabidhi, useme, "Shemeji, nilikosa." Kisha funga mdomo. Ukisema "lakini" umeharibu. Akikubali kupanda mlima nawe, mwachie boneti, na usimdai sekunde zako za bondeni, kwa sababu hata jeti ziwe sawa, gari litapungukiwa nguvu kidogo kule. Huenda daktari akakushinda tena. Utamshika mkono. Shemeji akikataa kwenda, na gari lisiende.

Halafu lile kufuli litupe. Gari lile ni la baba yao, nawe ulimfungia mtoto nje ya kitu cha baba yake. Ndiyo maana mkeo anakukaribisha chakula kama mgeni.