Ramani ya Nyumba ya Mama

Tunduma,
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa kaka Lusubilo,

Nakusalimu sana, wewe, wifi na watoto, na mama kabla ya wote. Natumaini goti lako limepona tangu ulipoteleza kule bondeni, na kikohozi cha mama kimepungua sasa jua limekuwa kali. Mimi ni mzima wa mwili. Huku kwetu vumbi ni lile lile, malori yamepanga foleni hadi karibu na tunapoishi, na asubuhi hii nimefagia uwanja mara mbili bila mtu yeyote kuona tofauti.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu unayo. Kaka, wewe simu yangu ikiingia tu unaiweka spika ili mama naye asikie, na mama akisikia anawaita majirani. Mambo ya leo siyo ya spika. Nimempa Nikodemo, yule mnunuzi wa maharage, akukabidhi mkononi. Tafadhali isome peke yako shambani, halafu wewe ndiye utakayeamua mama aambiwe nini.

Ujumbe wako niliupata: tofali zimeiva vizuri, umezifunika kwa nyasi, fundi Gwamaka amekuja mara mbili kuulizia ramani, na ukisubiri zaidi mvua zitakukuta hujachimba hata msingi. Kila ukiniuliza nakujibu bado kidogo. Nimesema bado kidogo tangu mnachuma kahawa, na sasa kahawa yenyewe imeshauzwa. Usinigombeze, aibu ninayo ya kutosha.

Nianze na lililo jepesi. Mwaka jana niliwaambia nimepata kazi kwa msanifu majengo hapa mjini. Mama akatoa shukrani kanisani, na wewe ukaanza kuniita injinia mbele za watu, mpaka mzee mmoja akanivuta pembeni kuniuliza kama naweza kumtengenezea mashine yake ya kukoboa. Kaka, kazi nilipata kweli, ila mshahara sikupata. Najitolea. Ndivyo wanavyoita huku: unaingia saa mbili asubuhi, unatoka jua likizama, unachora, unapima viwanja, unachemsha chai ya bosi, na mwisho wa mwezi unaambiwa pole na kazi. Sasa ni mwaka na miezi minne. Mahindi unayoniletea ndiyo yanayoniweka mjini. Chumba nimepewa na Zakia, mama mmoja wa Tanga anayeuza vitenge hapa mpakani, kwa sababu namfundisha binti yake hesabu.

Utauliza kwa nini siondoki. Kila mtu ananiuliza. Zakia anasema hata anayevusha gunia mpakani analipwa siku hiyo hiyo, na kwamba wateja wake wa Zambia, wanaomwita bamayo, yaani mama, kwa heshima, wangemcheka wakijua amefuga msomi wa bure. Mwenzangu Ketrina, tuliyeanza pamoja, aliondoka mwezi wa sita. Sasa anauza marumaru Vwawa, amenenepa, na akinipigia anasema mimi nimerogwa.

Sijarogwa, kaka. Kuna kitabu. Ili nisajiliwe kuwa msanifu, kazi zangu zote zinaandikwa humo, na lazima msanifu aliyesajiliwa azisaini. Miezi isiyosainiwa ni kama hukuifanya. Bosi wangu, Osea, hasaini mwezi kwa mwezi. Anasema atasaini yote kwa pamoja nikitimiza miaka miwili, kwamba yeye alijitolea mitatu na hakufa. Kitabu kiko kwenye droo yake. Ketrina alikiacha chake humo humo na mwaka wake ukaenda bure. Mimi siku moja nilisimama mbele ya ile droo ofisini hakuna mtu, nikaishika kitasa, kisha nikarudi kukaa, kwa sababu kitabu kisicho na saini ningekipeleka wapi? Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Sasa la ramani. Unakumbuka Krismasi, mama alipoipima nyumba yake kwa miguu pale kiwanjani? Alivua kandambili akahesabu hatua, wewe ukipigilia vijiti nyuma yake, na ulipojaribu kumpunguzia sebule alikufukuza. Halafu akaketi kwenye kigoda mahali jiko litakapokuwa. Akaniambia dirisha la jiko lianzie chini, usawa wa macho yake akiwa amekaa, ili akipika aone kahawa yake kwenye vichanja na mbuzi wakiisogelea. Nilimpima kwa uzi, tukafunga mafundo mawili, dirisha linapoanzia na linapoishia. Nikaichora nyumba ile ofisini, jioni wenzangu wakiondoka, kwenye kompyuta ya bosi maana yangu sina. Sijawahi kuchora kitu nikakipenda vile. Ilikamilika mwezi wa tatu, kaka. Ilikuwa tayari siku zote ulizokuwa unaniuliza.

Mwezi wa nne alikuja tajiri mmoja wa malori, Salum, akataka ramani ya nyumba kwa siku mbili kwa sababu mafundi wake walikuwa wamekaa bure. Bosi alikuwa safarini Itumba. Akanipigia amechanganyikiwa, akasema tukimkosa mteja huyu tumekwisha, nitafute chochote cha kumwonyesha. Zakia nimemwambia kwamba bosi aliichukua ramani ya mama. Hata barua ya kwanza niliyokuandikia, ambayo nimeichana, ilisema hivyo. Si kweli. Bosi hakujua hata kama ipo. Mimi ndiye niliyeifungua, nikafuta jina la mama, nikamwonyesha yule tajiri. Nilidhani bosi akiona ninachokiweza ataniajiri. Nisamehe, kaka yangu.

Bosi alifurahi sana. Akaigonga muhuri, akaandika jina lake, akaninunulia chipsi kuku. Kesho yake akaihamishia kwenye mafaili yake ya kompyuta, akaniambia ramani sasa ni mali ya mteja, na akiiona popote pengine nisahau saini yake.

Kwa hiyo nyumba ya mama imeshasimama, huku Tunduma, na anayetumwa saiti kila siku kuisimamia ni mimi. Wiki iliyopita mke wa Salum, Siti, alikuja kuitazama. Ni mwanamke mpole, alinisalimia vizuri, akaniita dada. Alipoingia jikoni akauliza dirisha hili liko chini hivi la nini, kila dereva anayepita amwone akipika? Hakukosea, maana pale nje ni foleni ya malori tu. Akaomba lizibwe. Fundi akanigeukia mimi. Nikamwonyesha pa kuanzia, nikasimama pale hadi tofali la mwisho, kisha nikaandika kwenye ripoti kwamba dirisha la jiko limezibwa.

Ijumaa bosi aliniita. Akasema miaka miwili ameona haitoshi, nimwongezee mmoja, bila malipo, ndipo asaini. Nilipoanza barua hii nilikuwa najifanya nitakuomba ushauri, nikubali au nikatae. Kaka, nimeshakubali. Nilimwambia asante.

Ramani siwezi kukutumia, naogopa. Ila usimkawize Gwamaka. Ndani ya bahasha utaukuta uzi wa mama. Hatua mwambie azihesabu tena, vijiti najua hukuving'oa. Ncha niliyoipaka wino iwe sakafuni, na fundo la kwanza ndipo dirisha linapoanzia. Gwamaka atakuambia madirisha hayakai chini hivyo. Mkatalie, kaka. Mimi sikuweza.

Nisalimie wifi na watoto, na majirani wote wanaonisalimia kwenye spika. Mama mwambie nampenda na nakula vizuri. Akiuliza kwa nini injinia wake hajaleta ramani, tafuta jibu lolote. Na siku atakapoketi jikoni kwake kwa mara ya kwanza, niandikie anaona nini.

Ni mimi mdogo wako,
Sekela