Gari la Kifua cha Mama

Jumatatu, 2 Februari
Nimeshusha vioo vyote vya gari, nimemfuata mama kwake Busisi, ng'ambo ya daraja. Kama kila siku ya kliniki. Dizeli hii inavuja moshi hadi ndani. Mama na pumu yake ya tangu ujanani, khanga puani, kakohoa toka darajani mpaka mjini. Daktari kanitazama kama mchawi. Kasema dawa hazitasaidia nikiendelea kumfukiza. Gari hili nimelichukia.

Jumanne, 3 Februari
Nimewauliza madereva wa kijiwe cha Kirumba gari lao lijalo wanataka liweje. Mmoja: spea zipatikane. Mwingine: lipande milima yetu bila kulia. Wa tatu anataka la umeme mtupu, ila akifika Geita atachaji wapi? Mimi nataka mama apumue. Basi.
Koku, mwalimu mwenzangu, anahamia Bukoba. Anauza haibridi yake, ya petroli na betri. Kanipa niijaribu hadi Jumamosi. Kuna mnunuzi mwingine anaisubiri.

Jumatano, 4 Februari
Sijaona gari lenye adabu kama hili. Linaondoka kimya. Harufu hakuna. Nimempeleka mama kliniki tena. Kwenye foleni Buhongwa injini ikajizima, betri ikashika zamu. Foleni ikasogea, mimi bado nashangaa dashibodi. Vijana wa bodaboda wakajua limezimika. Sijafungua mdomo, watatu wako nyuma wanasukuma. "Braza, tia gia ya pili!" Gari lenyewe otomatiki. Mama kacheka hadi machozi. Hakukohoa hata mara moja! Nalitaka gari hili.

Ijumaa, 6 Februari
Mama haendi kwa watu mikono mitupu. Leo kaja na gunia la dagaa la kumshukuru nesi, kalishindilia kwenye kiti cha nyuma, kona kabisa. Katikati ya daraja taa nyekundu ikawaka. Betri! Nani huku ataifufua? Na kesho ndiyo mwisho.
Nimevuka, nimeegesha, nimempigia Koku na kumfokea. Akauliza swali moja tu: umeweka nini nyuma? Kumbe ubavuni mwa kiti kuna tundu la feni inayopoza betri. Dagaa wa mama wameliziba. Nikahamishia gunia kwenye buti, tukasubiri kivulini. Taa ikazimika.
"Kumbe nalo lina pumu," kasema mama. Hajaona aibu hata kidogo.

Jumamosi, 7 Februari
Nimemwahi Koku kabla hajanywa chai. Nimeomba radhi kwa ukali wangu. Gari ni langu. Waliolitengeneza wabarikiwe, popote walipo. Mama yuko kwangu tangu jana, kalala vizuri.

Jumapili, 8 Februari
Nimemrudisha mama kwake baada ya misa. Mvua, vioo juu. Tulipopita Usagara kaanza kuimba, taratibu, wimbo wa Kisukuma wa kupalilia. Beti zote, mpaka ng'ambo.
Nina miaka arobaini na sita. Sikuwahi kumsikia mama yangu akiimba.