Ngumi ya Usingizini

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mwanamke, umri miaka 61, fundi cherehani, mtaani anaitwa Mama Vifungo.
Makazi: nyumba ya pili nyuma ya tangi la maji.
Uhusiano na mtuhumiwa: mke wake.

Naomba yaandikwe kama ninavyoyasema, maana jana nilisema haya haya yakaandikwa mengine.

Mume wangu alikuwa msoma mita za maji hadi alipostaafu. Ana ugonjwa wa Parkinson, huu ni mwaka wa sita. Mkono wa kulia unatetemeka, anatembea kwa kuburuta miguu, na sauti imefifia. Akiomba maji lazima umsogezee sikio.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, majira ya saa tisa alasiri, alikuwa amepitiwa na usingizi kwenye kochi sebuleni. Mimi nilikuwa nashona. Niliona miwani yake inamteleza puani, nikainama kuiwahi. Hapo akapaza sauti, "Toka! Toka, mbwa we!" akanitandika ngumi ya jicho la kushoto. Nikapiga yowe.

Binti yetu mkubwa ndiyo kwanza alikuwa anafika mlangoni. Alisikia "mbwa we", akasikia yowe, akanikuta nimeshika jicho. Nikamwambia baba yake amelala.

Akasema, "Mama, amelala wapi na huyo ananitazama?"

Kweli alikuwa anamtazama. Yowe langu lilikuwa limeshamwamsha.

Binti ndiye aliyeleta askari. Simlaumu sana. Mimi ndiye niliyemlea asivumilie mwanamke kupigwa, basi amefanya nilivyomfunza.

Askari alimuuliza mume wangu kama ndiye aliyenipiga. Alijibu, "Tulikuwa wawili humu ndani, na jicho lake limevimba. Nani mwingine?" Askari akaandika kwamba amekiri, akamleta hapa mahabusu. Hakukiri. Hakumbuki kitu, ila hawezi kusema mke wake ni mwongo. Nilitamani kumfinya.

Huyo mbwa alikuwa wa ndotoni. Kazi ya mita ni kuingia nyua za watu, na mbwa hajui kitambulisho. Alianza kurusha mateke kitandani miaka mingi kabla mkono haujaanza kutetemeka. Tulikuwa tunacheka, tunasema baba anacheza mpira. Daktari wa mishipa ya fahamu ndiye aliyetufumbua macho. Alisema kwenye shina la ubongo kuna sehemu inayoizuia misuli mtu anapoota, ili ndoto iishie kichwani. Kwa mume wangu sehemu hiyo imeharibika, kwa hiyo anachokiota anakitenda. Akasema kwa wengine ugonjwa huanza kwa kuwavuruga usingizi hivyo, mkono unafuata baadaye sana. Tangu siku hiyo tunalala vitanda viwili.

Nilimweleza hayo askari wa mapokezi. Alicheka. "Mama, huyu kijiko kinamshinda. Ngumi kaitoa wapi?"

Hata mimi nimejiuliza sana. Akiwa macho, kufunga kifungo cha shati ni kazi ya asubuhi nzima. Akiota, sauti inarudi, mkono haukosei. Daktari anasema ndivyo inavyokuwa kwa wengi. Askari yule akaniambia, "Wanawake wanaopigwa wote huja na hadithi."

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira. Nikinyamaza, nimepigwa. Nikisema, namfichia. Sasa niseme kwa lugha gani? Najua wako wanaoficha. Nimewashonea nguo za mikono mirefu wakati wa joto kali. Mimi si mmoja wao. Kwa miaka thelathini na minne mume wangu akiwa macho hajawahi kuninyanyulia mkono.

Dawa zake ziko kaunta yenu tangu jana, kwenye mfuko niliouleta. Zina saa zake. Saa zikipita anakakamaa kama ubao. Sikuja kuomba huruma. Nimekuja azipate dawa zake, na daktari aulizwe, namba yake ninayo.

Hayo ndiyo niliyoyaona na ninayoyajua. Nimesomewa, ni maneno yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA ASKARI: Nilipokuwa namsomea shahidi, makelele yalisikika kutoka mahabusu. Nilikwenda. Mtuhumiwa alikuwa amelala sakafuni, amefumba macho, anapiga mateke ukutani huku akimfukuza mbwa kwa sauti kubwa. Nilimgusa bega ili nimwamshe. Alinipiga teke la goti. Alipoamka alishindwa kuinuka. Tulimnyanyua watu wawili. Aliniuliza, kwa sauti iliyonilazimu kuinama, kama ameumiza mtu. Nilimwambia hapana.

Shahidi amempa dawa mbele yangu. Nimezungumza na daktari kwa simu, naye amethibitisha. Binti ameitwa, amekaa na daktari kwenye simu muda mrefu, kisha ameomba kumpeleka baba yake nyumbani. Mkuu wa kituo ameruhusu.

Kuhusu goti langu, sina malalamiko.