Kigari Kilichobaki Boksini

Jumamosi, bwenini Kibiti

Na kigari bado kimo ndani ya boksi. Sisi wa klabu ya sayansi tulihangaika na mota ya redio kaseti mbovu mpaka kikaweza kugeuka chenyewe kikigonga ukuta. Leo tulikwenda kwa boti kuwafundisha watoto wa shule ya msingi Mbwera kukiunda.

Tukapokewa kwa ngoma. Ikaja risala, kisha hotuba ya mgeni rasmi, kisha chakula. Nikamnong'oneza Mwalimu Sefu tuanze.

"Subiri, mwanangu. Wenyeji hawakatizwi."

Mara nahodha akaita. Maji yanakupwa, boti itakwama kwenye matope.

Binti aliyeongoza nyimbo alinisindikiza. "Dada, kwani humo mna nini?"

Sikuwa na muda hata wa kufunua.

Mwalimu amefurahi. Mwakani, anasema, wameahidi ngoma kubwa zaidi.